Namna ya Kupima Vita Katika Mchezo wa Hadithi

Hapa kwetu Uganda tuna mchezo wa kale uitwao omweso, nao ni wa jamaa moja na bao la ndugu zetu wa pwani. Ubao wake una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete zake ni 64. Kabla ya kuanza kila mtu hupata kete 32, wala mwenye kushindwa hawezi kulalamika kwamba mwenzake alipewa zaidi. Kadhalika katika mpira wa miguu watu 11 hupambana na watu 11. Haki ya michezo hiyo ni usawa wa hesabu, na kila mtu aweza kuiona kwa macho yake.

Mimi nataka kuwaeleza habari za mchezo mwingine, ambao upande mmoja una kete chache na upande wa pili una kete zisizokwisha. Haki yake haionekani kwa macho, bali yapaswa kupimwa na mtu mmoja kabla ya mchezo kuanza. Katika bweni letu mtu huyo ni mimi. Mara ya kwanza nilipima vibaya, na mara ya pili nikapima vibaya zaidi, hata nikakaribia kumpoteza rafiki. Ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Mchezo wenyewe waitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watu wachache, labda wanne au watano, huketi mezani pamoja na msimulizi. Kila mchezaji hujitungia mtu wa hadithi: mmoja huwa askari, mwingine mponyaji, mwingine mwizi, mwingine mchawi. Msomaji asishtuke kwa kusikia habari za mchawi. Ni hadithi tu, kama zile za sungura na fisi tulizosimuliwa na bibi zetu. Msimulizi hueleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao, nao husema watakalofanya. Jambo likiwa halina hakika, huamuliwa kwa dadu, na iliyo kubwa ni dadu yenye nyuso 20.

Kila mtu wa hadithi ana hesabu mbili zinazofaa kukumbukwa. Ya kwanza ni kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili apate kumpiga. Ya pili ni uhai: kila pigo huupunguza, na ukiisha mtu huanguka. Tena watu hao hupanda madaraja kadiri wanavyopata ujuzi, na wote huanza daraja la kwanza, wakiwa dhaifu.

Sisi hatukuwa na dadu za namna hiyo. Binamu yangu aliyeko chuo kikuu alinipigia chapa kanuni za msingi ambazo wenye mchezo walizitoa bure, lakini dadu hakuzipata. Basi tukakata vipande 20 vya karatasi ngumu, tukaviandika namba tangu 1 hata 20, tukavitia katika kopo la maziwa. Mtu huvuta kipande, husoma namba, kisha hukirudisha na kulitikisa kopo. Baadaye nilisoma kwamba hata Marekani dadu ziliadimika mwaka 1979, na wauzaji wakatia vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya masanduku ya mchezo. Nikafurahi kuona kwamba umaskini wetu ulikuwa na wenzake.

Tulianza Jumamosi moja baada ya kufua nguo. Wachezaji walikuwa wanne, watatu wa kidato changu cha sita, na mmoja mdogo wetu wa kidato cha pili, ambaye ni hodari sana wa hesabu lakini mwenye haya. Yeye alimtunga mchawi. Kwa muda wa wiki nzima aliandika katika daftari habari za mchawi huyo, kijiji alikozaliwa, na sababu ya kuondoka kwao. Mimi nikawatayarishia vita vya kwanza: mbwa mwitu 6 njiani, usiku.

Mchawi alianguka kabla mwenyewe hajapata zamu yake ya kwanza. Kabla ya mzunguko wa tatu wote wanne walikuwa chini, nami nikatangaza kwamba wameliwa. Wakubwa walicheka na kunitania. Yule mdogo alilikunja daftari lake, akasema, "Asante, kaka," akaenda kulala kabla ya kengele. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja.

Ndipo nikaketi na kitabu nitafute kosa langu. Kanuni za mwaka 2014, ambazo ndizo tulizokuwa nazo, zina jedwali la kupima vita. Kwa kila mtu wa daraja la kwanza, vita rahisi ni alama 25, vya wastani 50, vigumu 75, na vya kufisha 100. Kwa watu wanne, basi, vita vigumu ni alama 300 na vya kufisha ni 400. Mbwa mwitu mmoja ana alama 50, na sita wana 300. Mimi niliona 300, nikaandika "vigumu", nikaridhika. Lakini kitabu kinaendelea kusema jambo ambalo nililiruka kwa haraka yangu: adui wakiwa tangu 3 hata 6, jumla ya alama zao izidishwe mara 2. Kwa hiyo vita vyangu vilikuwa vya alama 600, navyo vilipita mpaka wa kufisha kwa nusu yake.

Kwa nini kuzidisha? Hilo ndilo jambo la kufahamu kuliko yote, na hesabu ya darasani yatosha kulieleza. Mbwa mwitu anaposhambulia, huongeza 4 juu ya namba iliyovutwa. Askari wetu alikuwa na kinga ya 16, basi mbwa mwitu alihitaji kuvuta 12 au zaidi. Hizo ni namba 9 kati ya 20, yaani mara 45 katika 100. Lakini mbwa mwitu huwinda kwa kundi. Mwenzake akiwa karibu na windo, huvuta mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Kukosa mara moja ni 55 katika 100, na kukosa mara mbili mfululizo ni kama 30 katika 100 tu. Kwa hiyo hupata mara 70 katika 100, na kila akipata hupunguza uhai 7 kwa wastani. Mbwa mwitu 6 hupunguza kama 29 katika mzunguko mmoja, na hapo nimemhesabu askari mwenye kinga bora kuliko wenzake. Uhai wa watu wote wanne ukijumlishwa ulikuwa 38.

Sasa tazameni upande wa pili. Wachezaji walipata kama mara 65 katika 100, na kila pigo lao lilipunguza kama 7. Watu wanne hupunguza kama 18 katika mzunguko. Mbwa mwitu 6, wenye uhai 11 kila mmoja, wana jumla ya 66. Basi sisi tulihitaji karibu mizunguko 4, na wao walihitaji chini ya miwili. Tena kila mtu wetu alipoanguka, mapigo yetu yalipungua, na mapigo ya adui yakabaki vile vile.

Habari hii ilijulikana kabla ya mchezo huu kuwako. Mwingereza mmoja mhandisi, jina lake Frederick Lanchester, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1916 juu ya ndege za vita. Alisema kwamba ikiwa kila mmoja aweza kumpiga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya jeshi si idadi yake bali ni mraba wa idadi yake. Watu 6 wakipigana na watu 4 walio sawa nao, si 6 kwa 4, bali ni 36 kwa 16. Tofauti ni 20, na kipeuo chake cha pili ni kama 4 na nusu. Maana yake, wale 4 watakwisha wote, na wale 6 watapoteza mmoja au wawili tu. Lakini kama wanapigana katika njia nyembamba, mmoja kwa mmoja, sheria hiyo haifanyi kazi, na wingi hupoteza faida yake kubwa. Laiti ningeliweka njiani daraja jembamba au mlango wa jiwe, wale wanne wangalipata mahali pa kusimama. Mimi niliwaweka katika uwanja mtupu.

Mfano mwingine ni zimwi la mchezo huu. Zimwi moja lina alama 450, kuliko mbwa mwitu 6 kabla ya kuzidisha. Lina uhai 59, na rungu lake hupunguza 13 kwa wastani. Ni adui wa kutisha, lakini hupiga mara moja tu katika mzunguko. Juu ya askari wetu hupata mara 55 katika 100, yaani hupunguza kama 7 kwa kila mzunguko, na mbwa mwitu hupunguza 29. Anayetazama ukubwa wa adui ataliogopa zimwi, na anayehesabu mapigo atawaogopa mbwa mwitu.

Lakini msidhani kwamba jedwali linatosha. Watunzi wa mchezo wenyewe wamelibadili mara nyingi. Katika mchezo wa mwaka 1974 hatari ilipimwa kwa kina cha shimo: kadiri watu walivyoshuka chini ya ardhi ndivyo walivyokutana na adui wakali zaidi, na wachezaji wenyewe waliamua washuke mpaka wapi. Katika toleo la mwaka 2000 kila adui alipewa namba ya ugumu, na adui mwenye namba sawa na daraja la watu wanne alikadiriwa kuwamalizia kama sehemu moja ya tano ya nguvu na akiba zao. Mwaka 2014 ikaja hesabu ya kuzidisha niliyoieleza. Kitabu kipya cha mwaka 2024 kimeiondoa hesabu hiyo, kikaweka madaraja matatu ya ugumu tu. Ikiwa mafundi wenyewe wanaendelea kupima, sisi wa bwenini tusijivune.

Tena jedwali halijui mambo mengi. Halijui kama wachezaji wametoka kupigana vita vingine. Kanuni za mwaka 2014 zilifikiri kwamba kikundi chaweza kustahimili vita 6 hata 8 vya wastani au vigumu kwa siku moja, na mwenye kuweka vita kimoja tu ataona vimekuwa vyepesi, maana watu hutumia akiba yao yote mara moja. Jedwali halijui kama pana mlango mwembamba au uwanja. Wala halijui akili ya wachezaji, au ujinga wao.

Baada ya kuyafahamu hayo nilikwenda kwa yule mdogo wetu, nikamwonyesha hesabu yangu yenye kosa na kumwomba radhi. Aliitazama, akasema, "Hukuzidisha mara mbili," kisha akakubali kurudi. Akamtunga mtu mwingine, safari hii mwizi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Niliogopa kwamba mwizi naye akifa, mwenyewe hatarudi tena. Basi nikaisimamisha atlasi mezani kama ukuta, nikawa navuta karatasi za adui nyuma yake peke yangu. Majambazi walipomshambulia mwizi, nikavuta namba kubwa, nilisoma ndogo. Nilidhani namfanyia hisani. Mchezo ukaisha vizuri, wote wakashinda, nami nikaenda kulala na furaha.

Asubuhi yule mdogo alinijia karibu na bomba la maji, daftari mkononi. Alikuwa ameandika kila namba niliyoisoma. Juu ya wenzake nilikuwa nimesoma 17, 18, hata 20. Juu yake nilisoma mara 11, na hakuna iliyopita 10. "Kaka," akasema, "bahati ya namna hii hutokea mara moja katika mara 2,048. Nimeihesabu." Nilikosa neno la kujibu. Akaendelea, "Mara ya kwanza uliniua bila kunipa nafasi. Jana umeniokoa bila kunipa nafasi. Kwangu ni mamoja."

Nilifikiri maneno hayo siku nyingi, nami naona ndiyo kiini cha habari hii yote. Kupima vita si kuhakikisha kwamba wachezaji watashinda. Ni kuhakikisha kwamba wanalolichagua lina maana. Mbwa mwitu wangu waliharibu uchaguzi kwa kuwa wakali mno, na hisani yangu iliuharibu kwa kuufanya kuwa bure. Mwenye duka aweza kupanga bei apendayo kabla ya mteja kuingia, lakini akigusa mizani wakati wa kupima sukari, ni mwizi, hata kama anazidisha badala ya kupunja.

Tangu siku hiyo tuna kanuni nne. Kwanza, napima kabla, kwa jedwali, nikizidisha inavyopasa, na nahesabu mapigo ya kila upande katika mzunguko mmoja. Pili, hatari kubwa lazima itanguliwe na dalili: nyayo, mifupa, au maneno ya mchungaji aliyekimbia. Tatu, lazima pawe na njia nyingine, ya kukimbia, ya kuzunguka, au ya kusema na adui; na adui nao wakizidiwa, wakimbie kama kiumbe chochote kipendacho maisha yake. Nne, vita vikianza, kopo hukaa katikati ya meza, na karatasi huvutwa mbele ya wote. Kama nimepima vibaya, naweza kusema waziwazi, "Jamani, nimekosea," nasi tukapatana. Lakini kusoma 9 mahali palipoandikwa 19, hapana.

Jumamosi iliyofuata niliwaletea zimwi. Nilijua kwamba alama zake 450 zimepita mpaka wa kufisha, nami niliwaonya kwa dalili: mchungaji aliwaambia habari za ng'ombe wake walioliwa, na mbele ya pango walikuta mifupa iliyovunjwa kama vijiti. Palikuwa na njia ya kuzunguka mlima, ya siku mbili. Walishauriana nusu saa. Mmoja alitaka wapigane katika mlango wa pango. Yule mdogo akakataa. "Mlango mwembamba huwafaa wachache," akasema, "na leo wachache si sisi. Tulitoe nje, tulizunguke sote wanne." Akajitolea kuwa chambo, na mbuzi mmoja.

Zimwi likatoka. Pigo la kwanza likamwangusha askari. Pigo la pili lilikuwa juu ya mwizi, na yule mdogo akaomba avute mwenyewe. Akavuta 17. Mwizi akaanguka. Mponyaji alikuwa na dawa ya mtu mmoja tu, akatutazama. "Mponye askari," mdogo wetu akasema, "ndiye mwenye upanga."

Kwa kanuni za mchezo, aliyeanguka huvuta karatasi kila zamu yake. Namba 10 au zaidi ni tumaini, na chini yake ni hatua moja ya kufa. Hatua tatu, basi. Alivuta 4. Askari akainuka na kupiga. Alivuta 7. Mchawi wa mwenzetu akalichoma zimwi, nalo likapepesuka bila kuanguka. Kopo likarudi kwake, na bweni zima, hata wasiocheza, likanyamaza. Alivuta 3.

Aliiweka karatasi mezani mbele yetu sote, akaisoma kwa sauti. Zamu iliyofuata askari aliliua zimwi. Mimi nilimtazama mdogo wetu, nikiogopa kuliona lile daftari likikunjwa tena. Alilifungua penye ukurasa mweupe, akaniuliza kama mtu wake wa tatu aweza kuwa mchungaji yule yule aliyepoteza ng'ombe, maana sasa ana deni la kulipa kwa marehemu mwizi. Nikamwambia aweza. Akaandika mpaka kengele ilipolia.